Janusz Korczak: muganga aliyejishitaki mbele ya watoto

Usiku ule watoto walikataa kulala. Ilikuwa mwaka wa 1904, kwenye kambi ya vakansi ya watoto maskini, nje ya mji wa Warsaw, inchini Poland. Kijana aliyewekwa kuwaangalia alikuwa bado anasomea uganga, na alifikiri kazi itakuwa rahisi: kuwapenda watoto inatosha. Mtoto mmoja akapiga mluzi katika giza. Kijana akamvuta masikio kwa nguvu, na mtoto alipolalamika, akamtisha kwamba atamtupa kwenye baraza, kule mbwa mkali amefunguliwa. Wengine wakanyamaza.

Habari hiyo haikutoka kwa adui zake. Aliiandika yeye mwenyewe miaka kadhaa baadaye, katika kitabu chake juu ya namna ya kumpenda mtoto, bila kujitetea. Leo dunia inamjua kwa jina la Janusz Korczak.

Jina la kuzaliwa lilikuwa Henryk Goldszmit. Alizaliwa Warsaw mwaka wa 1878 ao 1879, katika jamaa ya Wayahudi. Mwaka kamili haujulikani sababu baba yake hakukimbia kumwandikisha, na hilo si jambo la ajabu kwa wazazi wa huku Mashariki. Baba huyo alikuwa avoka, lakini akapata ugonjwa wa akili, na alikufa mwaka wa 1896. Kijana akaanza kufundisha watoto wa matajiri nyumbani kwao ili mama apate chakula. Wakati ule Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na kwenye masomo ya kwanza aliyotumwa, fimbo ilikuwa kitu cha kila siku. Aliona mwenzake akichapwa, na ile hofu alibaki nayo mpaka uzee.

Alipokuwa muganga, alipelekwa na jeshi la Urusi kwenye vita na Japani. Huko Mashariki ya mbali aliingia katika masomo ya kijiji kimoja cha Wachina, akakuta mwalimu ananuka pombe, anapiga watoto nyayo za miguu kwa ubao mnene. Korczak hakumgombeza. Alimuuza ule ubao, akaondoka nao. Alijua vizuri kama kisha siku chache mwalimu atachonga mwingine. Lakini kwa zile siku chache, kumbe, watoto walipumua.

Kisha vita alifanya kazi miaka kadhaa kwenye hospitali ya watoto ya Warsaw. Angeweza kubaki pale na kuwa tajiri. Mwaka wa 1912 akachagua kuongoza nyumba ya watoto yatima wa Kiyahudi kwenye barabara ya Krochmalna, pamoja na mama mmoja mwenye kazi sana, Stefania Wilczyńska. Mambo mengi ambayo watu wanamsifia Korczak, Bi Stefania ndiye aliyeyashika kila siku, wakati mwenzake alikuwa vitani ao anaandika.

Watoto karibu 100 ndani ya nyumba moja, wengine wametoka barabarani, wengine wamezoea kuiba na kupigana. Kila mzazi wa Goma ao Bukavu mwenye watoto sita ndani ya vyumba viwili anajua namna gani mkono unainuka wenyewe jioni, wakati mtu amechoka. Korczak alijua pia. Ndiyo maana hakutegemea roho yake nzuri tu. Aliweka tribinali.

Ilikuwa tribinali ya kweli, na waamuzi walikuwa watoto. Kila juma walichaguliwa watano kwa kura, kati ya wale ambao hawakuwa na kesi juma hilo. Mtoto aliyekosewa aliandika kwenye ubao jina lake na jina la mwenye kumkosea. Sheria zilikuwa na namba. Zile za chini ya 100 zote zilikuwa za kusamehe: hakukusudia, alikosa kwa kutojua, amejuta. Kufika 100, tribinali inasema wazi mtu ana kosa. Kuanzia hapo zinapanda mpaka 1000, ambayo ni kufukuzwa. Kati ya adhabu hizo zote, kuchapa hakukuwemo hata kidogo.

Watu wazima nao walishitakiwa. Katika miezi sita Korczak alijipeleka mwenyewe mbele ya waamuzi mara tano. Mara moja juu alimpiga mtoto kofi la sikio. Mara ingine juu alimfukuza mmoja toka chumba cha kulala, tena juu alimsimamisha mwingine kwenye kona, tena juu alimtukana mwamuzi. Ya tano, alimshuku msichana kuwa mwizi. Mkubwa wa nyumba, muganga, mwandishi mwenye jina, anasimama mbele ya watoto wa miaka kumi na kitu na kueleza sababu gani alipiga! Siku ingine alimpandisha msichana mdogo kwenye mti kwa kuchezacheza, mtoto akaogopa, yeye akacheka. Mtoto akamshitaki na akashinda kwa sheria ya 100. Wenzake wakampa jina la utani, Mia.

Haikwenda vizuri kila siku. Kuna wakati watoto waliizarau tribinali, walishitakiana kwa mchezo, na Korczak akaifunga kwa muda ili kuitengeneza. Kwa wapenda ngumi alikuwa na njia ingine: mtoto anabeti naye kwamba juma hili atapigana mara chache kuliko juma lililopita. Hakuambiwa aache kabisa. Akirudi na kusema ameshinda, anaaminiwa, anapewa kitu kitamu.

Katika kitabu chake cha mwaka wa 1929 juu ya haki ya mtoto ya kuheshimiwa, alieleza kinachoharibika. Mtu mzima anazarau kilicho kidogo na kinyonge, na mtoto anajifunza hivyo kwake. Aliyepigwa na mkubwa anatafuta aliye mdogo kuliko yeye. Anajifunza pia kuficha na kusema uongo, halafu wazazi wanashangaa.

Miaka ya 1930 Korczak aliingia redioni. Wasikilizaji walimjua kama Muganga Mzee tu, sababu jina la Myahudi lilikuwa la kufichwa, na mwaka wa 1936 kipindi kikaondolewa kwa muda. Mwaka wa 1940 Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa Warsaw ndani ya ukuta, na nyumba ya yatima ikahamishiwa humo. Walipomnyang'anya viazi vya watoto, alikwenda kudai, akatiwa gereza. Marafiki walimtafutia njia ya kutoroka, akakataa. Mwanzoni mwa Agosti 1942 watoto karibu 200 walipangwa mistari na kupelekwa kwenye treni ya Treblinka. Korczak, Bi Stefania na wafanyakazi wengine walikwenda nao. Hakuna aliyerudi.

Mwaka wa 1978 Poland ndiyo iliyopendekeza kwa Umoja wa Mataifa mkataba wa haki za mtoto, na jina la Korczak lilikuwa nyuma ya wazo hilo. Mkataba ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989. Congo, wakati ule Zaïre, iliukubali mwaka wa 1990, na sheria ya 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inautegemea. Inchi ya Korczak yenyewe ilichelewa: Poland ilikataza wazazi kupiga watoto mwaka wa 2010, miaka 68 kisha ile treni kuondoka.