Louis Vuitton: Mtoto wa mkulima anayetusaidia kuupima mkoba wa kifahari

Herufi L na V zilizopandana utaziona kwenye mikoba ya mitumba, mabegi ya safari na hata vifuniko vya simu. Wengi wetu tunazijua bila kujua kwamba ni jina la mtu aliyezaliwa kijijini, katika familia ya wakulima.

Katika makala hii tunasimulia maisha yake, kwa sababu yanasaidia kujibu swali linalozua ubishi kila mtu anapotaka kununua mkoba mzuri. Siku hizi zipo kampuni, kama Coach iliyoanza New York mwaka 1941, zinazouza mikoba yenye jina la mbunifu kwa dola mia chache, wakati mikoba ya Louis Vuitton hufika maelfu. Je, huo wa bei nafuu nao ni wa kifahari kweli, au mtu analipia jina tu?

Kwa miguu hadi Paris

Louis Vuitton alizaliwa tarehe 4 Agosti 1821 katika kijiji cha Anchay, kwenye milima ya Jura, mashariki mwa Ufaransa. Ukoo wake ulikuwa wa wakulima, maseremala na wasaga nafaka. Mama yake alifariki Louis akiwa na umri wa miaka 10 hivi, na baba yake akaoa tena.

Mwaka 1835, akiwa na miaka 13, Louis aliondoka nyumbani kwa miguu kwenda Paris, mji ulio zaidi ya kilomita 400 kutoka kwao. Safari hiyo ilimchukua takriban miaka miwili, kwani njiani alikuwa akisimama na kufanya vibarua ili apate chakula na mahali pa kulala. Alifika mwaka 1837 na kuanza kujifunza kazi kwa fundi wa masanduku aliyeitwa Maréchal.

Siku hizo fundi masanduku aliitwa pia majumbani kwa matajiri kuwafungashia nguo zao kabla ya safari. Magauni ya wanawake wa tabaka la juu yalikuwa mapana, yenye mita nyingi za kitambaa, na kuyakunja vibaya kulikuwa ni kuyaharibu. Louis alisifika kwa kazi hiyo. Katika miaka ya 1850, Eugénie, mke wa Kaisari Napoleon III, alimchagua awe mfungashaji wake. Kwa hiyo wakubwa wa Paris walimjua kwanza kwa kazi ya mikono yake.

Sanduku linalopangika

Mwaka 1854 alimwoa Clémence-Émilie Parriaux, na mwaka huohuo akafungua duka lake mwenyewe. Miaka minne baadaye, mwaka 1858, alileta mabadiliko makubwa katika ufundi wake.

Masanduku mengi ya wakati huo yalikuwa na kifuniko cha mviringo ili maji ya mvua yateremke, na mengi yalifunikwa kwa ngozi nzito. Lakini huwezi kupanga sanduku la mviringo juu ya lingine ndani ya behewa la treni au meli. Louis akatengeneza sanduku lenye kifuniko bapa, kwa mbao nyepesi, akalifunika kwa turubai la kijivu lililopakwa dawa ya kuzuia maji. Likawa jepesi, likapangika, na nguo zikabaki kavu.

Biashara ilikua, na mwaka 1859 akahamishia karakana Asnières, nje kidogo ya Paris, karibu na mto Seine. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 hadi 1871 vilimrudisha nyuma, kwa sababu karakana iliporwa na vifaa vikaibwa. Baada ya vita alianza upya na kufungua duka jingine katikati ya jiji.

Kupambana na waigaji

Adui mwingine alikuwa mwigaji. Turubai lake la kijivu lilipoigwa, Louis alihamia kwenye turubai la mistari katika miaka ya 1870. Hilo nalo likaigwa. Mwaka 1888 ukatoka muundo wa miraba kama ubao wa drafti, wenye jina lake limeandikwa ndani yake. Pamoja na mwanawe Georges, alitengeneza pia kitasa imara cha kuzuia wezi.

Louis alifariki tarehe 27 Februari 1892. Herufi L na V zilizopandana, pamoja na maua yake, zilibuniwa na Georges mwaka 1896, miaka minne baada ya baba yake kuzikwa. Herufi hizo ziliwekwa ili mnunuzi atambue kazi ya kweli na kuikataa ya kuiga. Na mikoba midogo ya kubeba mkononi ambayo leo ndiyo sifa ya kampuni hiyo ilikuja katika miaka ya 1930.

Sasa tuupime mkoba

Maisha ya Louis yanatupa vipimo viwili. Cha kwanza ni kazi yenyewe: sanduku lake lilisifika kwa wepesi, kuzuia maji na kufungwa vizuri. Kwa kipimo hiki, mkoba wa mbunifu wa bei nafuu unaweza kufaulu kabisa, na wa bei kubwa unaweza kufeli. Hata kusema kwamba lazima uwe wa ngozi si sahihi, maana Louis alijenga jina lake kwa turubai.

Kipimo cha pili ni uadimu. Waliomwita Louis nyumbani walikuwa wachache, na walilipia muda wa fundi hodari. Mkoba unaotengenezwa kwa wingi ili watu wengi waumudu hauna uadimu huo. Kwa hiyo jibu letu ni kwamba mkoba wa bei nafuu, hata ukiwa na jina kubwa, si wa kifahari kwa maana kamili ya neno hilo. Lakini unaweza kuwa mkoba mzuri, na kwa mtu anayenunua kwa fedha za mavuno hilo ndilo muhimu zaidi. Ule wenye herufi za kuiga hauna hata hoja hiyo, kwa sababu umeazima jina ili kuficha kazi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiwa sokoni au mnadani, usianze na herufi za nje. Geuza mkoba ndani, uangalie kama mshono umenyooka na uzi haujaachia. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa. Vuta mikanda pale iliposhonewa, kwa kuwa hapo ndipo uzito wote unapokaa. Kisha muulize fundi wa karibu kama anaweza kuurekebisha ukiharibika. Ukiridhika na majibu hayo, ndipo uulize bei.