Honinbo Shusai: Bingwa wa Go aliyelitoa jina la ukoo wake lishindaniwe

Juni 1938, mzee wa miaka 64 mwenye maradhi ya moyo aliketi mbele ya ubao nchini Japani kucheza mchezo wake wa mwisho. Mchezo huo mmoja ulichukua zaidi ya miezi mitano. Mzee huyo alikuwa Honinbo Shusai.

Go ni mchezo gani?

Ni mchezo wa watu wawili, mmoja akiwa na kete nyeusi, mwingine nyeupe. Ubao una mistari 19 kwa 19, na kete huwekwa pale mistari inapokutana. Anayezungushia eneo kubwa zaidi ndiye mshindi.

Kwa karne nyingi, mchezo huu ulitawaliwa na koo chache. Ukoo wa Honinbo ndio uliokuwa na sifa kubwa kuliko zote. Shusai, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1874, akawa mkuu wake wa 21, na mwaka 1914 akapewa cheo cha Meijin, yaani bingwa mkuu.

Heshima na lawama

Kwa desturi ya zamani, mchezaji wa cheo cha juu aliweza kusimamisha mchezo zamu yake ilipofika, akaenda nyumbani kutafakari. Mwaka 1933, gazeti la Yomiuri lilimkutanisha Shusai na kijana mzaliwa wa China, Go Seigen. Shusai alisimamisha mchezo mara nyingi, na ukaisha Januari 1934 akishinda kwa pointi 2. Lakini ulizuka uvumi kwamba kete yake ya 160, iliyogeuza mchezo, ilibuniwa na mwanafunzi wake.

Kwa hiyo mwaka 1938, alipokutana na Kitani Minoru, aliyekuwa na miaka 29, masharti yalibadilika. Kila mmoja alipewa saa 40. Mchezo ulipoahirishwa, aliyekuwa na zamu aliandika kete yake inayofuata kwenye karatasi, ikafungwa ndani ya bahasha. Hakuna aliyeweza tena kwenda kutafuta jibu huku akijua kete ya mwenzake.

Katikati ya mchezo Shusai aliugua, akalazwa hospitalini, na mchezo ukasimama kwa takriban miezi mitatu. Alirudi akaendelea. Tarehe 4 Desemba alishindwa kwa pointi 5.

Mchezo wafika kwa wananchi

Mwandishi Kawabata Yasunari, ambaye baadaye alishinda Tuzo ya Nobel, aliripoti mchezo huo gazetini siku baada ya siku. Mambo yaliyokuwa yakijadiliwa ndani ya nyumba za mabingwa yakawa yanasomwa na mtu wa kawaida.

Shusai alifariki Atami, tarehe 18 Januari 1940. Lakini kabla ya hapo alikuwa amechukua uamuzi mzito: badala ya kumrithisha mtu jina la Honinbo, alilikabidhi kwa chama cha Go cha Japani, Nihon Ki-in, ili lishindaniwe. Mwaka 1941 Sekiyama Riichi akawa wa kwanza kulipata kwa kushinda mashindano.

Jina hilo linashindaniwa hadi leo. Na siku hizi, mwenye simu anaweza kutazama mabingwa wakicheza huku mtaalamu akieleza sababu ya kila kete, bila malipo. Alipozaliwa Shusai, kupata maelezo ya namna hiyo kulihitaji kukubaliwa kuwa mwanafunzi wa bingwa.