Mchungaji Johann Friedrich Oberlin na Miche Miwili ya Kipaimara

Katika kurasa zilizotangulia tumewakumbuka wainjilisti, wazee wa kanisa na walimu waliotuwekea msingi. Kamati imeniruhusu niongeze habari za mchungaji mmoja wa Kilutheri ambaye hakukanyaga Afrika kamwe, kwa sababu kazi aliyoifanya kwa watoto wa shule inastahili kujulikana na kila usharika wenye shamba na vijana.

Johann Friedrich Oberlin alizaliwa tarehe 31 Agosti 1740 mjini Strasbourg, katika jimbo la Alsace, Ufaransa. Baba yake alikuwa mwalimu. Alisomea theolojia mjini humo, na mwaka 1767 akapokea wito wa kwenda Waldersbach, kijiji cha milima ya Vosges, katika bonde liitwalo Ban de la Roche. Usharika wake ulikuwa na vijiji vitano. Udongo ulikuwa haba na wenye mawe, baridi ilikuwa ndefu, barabara ya kupeleka mazao mjini haikuwapo, na viazi walivyovitegemea vilikuwa vimedhoofika kwa kupandwa mbegu ileile mwaka hata mwaka. Mtangulizi wake, Mchungaji Stuber, alikuwa amekwisha kuanzisha shule. Oberlin akaiendeleza kazi hiyo kwa karibu miaka sitini.

Hakupokelewa kwa vigelegele. Watu walichoka kuambiwa na mgeni wa mjini namna ya kulima mashamba ya baba zao. Alipotaka barabara ichongwe hadi njia kuu ya Strasbourg, pamoja na daraja la mto Bruche, wengi walisema haiwezekani. Akachukua sururu, akatangulia kuchimba mwenyewe, nao wakamfuata. Kwa habari ya miti ya matunda hakuhubiri neno. Alichimba mashimo katika bustani yake, mahali palipopitiwa na njia ya watu, akayajaza udongo mzuri na mbolea, akapanda miche. Ilipostawi, wapita njia wenyewe walikuja kumwuliza imetoka wapi, naye akawafundisha kubebesha. Aliagiza pia mbegu bora za viazi, na mbegu ya kitani kutoka Riga, akawazoeza watu kuozesha majani, kuvu za miambani na matambara yawe mbolea.

Lakini shuleni ndiko alikoweka tumaini lake kubwa. Watoto wadogo walikusanywa na akina dada walioitwa viongozi, ambao kati yao Louise Scheppler wa Bellefosse alijulikana kuliko wote. Walifundishwa kufuma, kuimba na kusoma ramani, na kutambua mimea kwa jina. Waliokuwa na umri wa miaka kumi na kuendelea walisoma hesabu, jiografia, elimu ya nyota na misingi ya kilimo. Wakati wa baridi walijifunza habari za mimea darasani. Theluji ilipoyeyuka walitumwa msituni kuitafuta ile waliyoisoma, wajue ipi huliwa na ipi ina sumu, kisha waihamishie katika vibustani vyao wenyewe. Waliandika insha fupi juu ya kilimo na utunzaji wa miti. Kila juma mchungaji aliwakusanya wanafunzi wa vijiji vyote mbele yake aone maendeleo yao.

Tena aliweka sharti: kijana asiyeleta ushahidi kwamba amepanda miti miwili hakupata Kipaimara. Sisi tuliofundishwa kwamba mtu huokolewa kwa neema, pasipo matendo, tunaweza kushtuka. Nami nilishtuka nilipolisoma mara ya kwanza chuoni. Hata hivyo Oberlin hakuuza neema kwa miche. Aliona kwamba kijana anayekiri imani mbele ya usharika anapaswa pia kuonekana akiwajibika kwa jirani atakayekula matunda yale baadaye. Nakiri kwamba sharti lenyewe ningelilegeza kwa mtoto asiye na ardhi. Lakini nakumbuka pia kwamba katika shule niliyosoma, jembe lilikuwa adhabu ya aliyechelewa, na wengi wetu tulitoka pale tukiichukia kazi ya shamba. Kwa Oberlin kazi hiyo ilikuwa njiani kuelekea Chakula cha Bwana. Tofauti hiyo si ndogo.

Mke wake, Madeleine Salomé Witter, alifariki mwaka 1783, na Louise Scheppler akawatunza watoto waliobaki. Katika siku za Mapinduzi ya Ufaransa Oberlin alikamatwa, mwaka 1794, kisha akaachiliwa. Njaa ilipoikumba Ulaya mwaka 1816 na 1817, viazi vilikuwa tegemeo la bonde lile. Mwaka 1818 chama cha kilimo cha Ufaransa kilimpa nishani ya dhahabu.

Alifariki tarehe 1 Juni 1826, mwenye umri wa miaka 85, akazikwa Fouday. Mwaka 1829 Louise Scheppler naye alipewa tuzo na Akademia ya Ufaransa. Mwaka 1833 chuo kilichoanzishwa Ohio, Marekani, kikaitwa kwa jina la Oberlin. Na huko Waldersbach nyumba ya mchungaji ni makumbusho, ambamo mimea iliyokaushwa kwa ajili ya masomo ya watoto wale ingali imehifadhiwa.