Thomas Munson: Mkulima wa Texas aliyesaidia kuokoa mizabibu ya Ufaransa

Mfugaji wa Arash hachagui dume kwa kutazama pembe tu. Huuliza mama yake alitoa maziwa kiasi gani na ukoo wake ulivumiliaje ukame. Kwa mzabibu, uangalifu unatakiwa zaidi. Ndama huchanganya baba na mama, lakini pingili ni mama yuleyule, pamoja na uimara wake na magonjwa yake.

Thomas Volney Munson alizaliwa mwaka 1843 katika jimbo la Illinois, Marekani. Baada ya masomo ya chuo Kentucky, alikwenda Nebraska kupanda mizabibu. Baridi, ukame na nzige vikamharibia kazi. Mwaka 1876 akahamia Denison, Texas, akaanzisha kitalu cha miche. Huko alisafiri sana porini, akichunguza kila mzabibu wa mwitu na udongo unaoupenda: wa kando ya mto, wa kichanga, au wa chokaa vilimani.

Wakati huo Ufaransa ilikuwa ikipoteza mashamba yake. Mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Amerika, alikuwa akifyonza mizizi mpaka mzabibu unakufa. Mizabibu ya Amerika ilimvumilia. Suluhisho likawa kubebesha, kama tunavyofanya kwa parachichi: mzabibu wa Kifaransa juu, wa Kiamerika chini. Lakini kwenye ardhi yenye chokaa nyingi, kama ya Cognac, mashina mengi ya Kiamerika yaligeuka manjano na kudhoofika.

Mwaka 1887 serikali ya Ufaransa ilimtuma mtaalamu Pierre Viala kwenda Marekani kutafuta mizabibu inayofaa. Munson alimwelekeza kwenye vilima vya chokaa vya Texas, inakoota aina ya berlandieri. Pingili zikasafirishwa hadi Ufaransa. Likaja tatizo jingine: berlandieri huvumilia chokaa, lakini pingili zake hazitoi mizizi kwa urahisi. Ndipo wataalamu wakaichanganya na riparia na rupestris, aina zinazoshika mizizi upesi. Mashina ya uzao huo bado yanabeba mizabibu katika nchi nyingi.

Mwaka 1888 Ufaransa ilimpa Munson nishani ya kilimo. Mwaka 1909 alitoa kitabu chake kuhusu kilimo cha zabibu, na mwaka 1913 akafariki dunia huko Denison.

Msikilizaji wetu, maisha yake yanatufundisha kuuliza maswali mawili kabla ya kukata pingili: je, mzabibu huu unaufaa udongo wangu? Je, pingili zake hutoa mizizi?

Kisha chagua mzabibu mama unaoujua, wenye afya, usio na majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya manjano. Kata tawi la msimu uliopita lililokomaa, la rangi ya kahawia, unene wa penseli, lenye macho yaliyo hai. Ncha changa ya kijani iache. Ndani ya pingili kuwe kubichi, na isikauke kabla ya kupandwa. Kwa ushauri wa aina, kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI kipo Makutupora, Dodoma.

Kosa la pingili huonekana baada ya miaka, shamba zima likiwa limeshapandwa.