Rebmann, Zaburi na Mlima: Nani Mwenye Neno la Mwisho?

Anayesafiri kutoka Voi kwenda Taveta asubuhi isiyo na mawingu huuona Mlima Kilimanjaro mbele yake, kilele kikiwa cheupe. Mzungu wa kwanza kuipasha Ulaya habari za theluji ile alipita huku kwetu kwa miguu mwaka 1848. Ni mmisionari Johannes Rebmann. Shuleni tulifundishwa theluji tu. Mimi naona kuna jambo jingine katika maisha yake linalotuhusu zaidi sisi Wakristo wa Taita Taveta.

Rebmann alizaliwa Januari 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Alifika Mombasa mwaka 1846, akatumwa na shirika la CMS kufanya kazi na Johann Ludwig Krapf kule Rabai. Wote wawili walitoka eneo la Württemberg, na walilelewa kuamini kwamba Biblia ndiyo mamlaka ya juu na kwamba kila muumini yafaa aisome mwenyewe.

Mwaka 1847 alifika Kasigau. Aprili mwaka uliofuata aliondoka Rabai na watu wachache wakiongozwa na Bwana Kheri, wakakata nyika mpaka Bura. Tarehe 11 Mei, wakielekea Uchagani, aliona weupe juu ya mlima. Mwenyeji aliyemwongoza alimwambia kuwa ni baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji.

Kwa maelezo yake mwenyewe, aliketi akasoma Biblia, na zamu ilikuwa ya Zaburi ya 111. Kilichomgusa zaidi ni mstari wa 6, unaozungumzia Mungu kuwapa watu wake urithi wa mataifa mengine.

Hapo ndipo ninaposimama. Zaburi ile inakumbuka Waisraeli na nchi yao. Rebmann aliisoma akiwa mgeni mbele ya mlima wa watu wengine, naye moyoni akiwa na hamu ya kuona injili ikienea. Hakumnyang'anya mtu shamba. Lakini Mchaga au Mtaita angesomewa mstari huo siku hiyo, angeuliza: mataifa hayo ni akina nani, kama si sisi? Katika kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, na maskwota wangali wanadai hati, neno urithi halisikiki kama linavyosikika kwa mgeni.

Rebmann na Krapf wenyewe hawakupatana, ingawa Biblia yao ilikuwa moja. Krapf aliota mlolongo wa vituo vya misheni kuvuka Afrika nzima. Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha na kusubiri. Kila mmoja aliamini anamtii Mungu.

Basi Rebmann akakaa. Kwa karibu miaka 30 aliishi pwani, waumini wakiwa wachache sana, akiandika misamiati ya lugha zetu na kutafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Macho yakapofuka. Alirudi Ujerumani mwaka 1875, akafariki Korntal Oktoba 1876.

Kwangu mimi, tafsiri ile ni kazi kubwa kuliko kuona theluji. Kuliweka Neno katika lugha ya mtu ni kumpa nafasi ya kukuuliza umelipata wapi hilo unalohubiri. Mwenye kutafsiri hubaki hana ufunguo peke yake.

Leo, Voi hadi Wundanyi, utamsikia mhubiri akisema Biblia imesema, na hapo mjadala umefungwa. Wengine wanasema kila mtu na ufunuo wake, asiulizwe. Nawaona wote wawili wanakwepa jambo moja. Anayesema Biblia imesema ameisoma kwa macho yake na akiwa mahali pake, kama Rebmann pale nyikani. Na anayesema ana ufunuo wake hataki mwingine aupime kwa maandiko yaleyale. Kenya imeona kule Shakahola, mwaka 2023, mamia ya watu wakifa kwa sababu tafsiri ya mtu mmoja ilikosa wa kuihoji.

Mimi naiheshimu Biblia kama mamlaka. Ndiyo maana nataka tuisome pamoja, mchungaji na mama wa kiti cha nyuma, mwenye hati na skwota. Mstari ukisikika mtamu masikioni mwangu, kabla sijausimamia, nimuulize jirani yangu yeye anausikiaje.