Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 18: Abu Ubayda na ruhusa aliyoikataa

Kaa na mimi dakika chache kabla hujaingia kwenye pilika za futari.

Unaikumbuka 2020? Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa nchini alitangazwa tarehe 16 Machi. Kesho yake shule zikafungwa. Haikupita wiki nyingi, wanaoingia kutoka nchi zenye maradhi wakatakiwa kukaa karantini siku 14. Misikiti haikufungwa, na hapa Dar hakuna aliyezuiwa kutoka Mbagala kwenda Mwenge. Kwa hiyo mambo mengi kila mtu aliamua na familia yake.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, hapa Temeke, alikuwa karudi safari siku zile, akaambiwa ajitenge ndani siku 14. Siku ya tisa akanipigia simu. Wenzake Jumapili wanavuka kwenda Kigamboni, bichi, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Hakohoi, hana homa, na kuta nne zimemchosha. Siku moja tu, sheikh, kuna ubaya gani? Mimi nikamjibu kivivu, kwamba aangalie mwenyewe hali yake. Akaenda. Hatukusikia mtu aliyeumwa, alhamdulillah. Lakini jibu langu limenikaa mpaka leo, maana nilimjibu kuhusu afya yake, na swali lenyewe halikuwa la afya yake.

Wenzetu wa Mombasa yaliwakuta makali zaidi. Tangu Aprili ile hakuna kutoka wala kuingia Mombasa, Kilifi na Kwale hivi hivi. Tarehe 6 Mei ukafungwa na Mji wa Kale wenyewe, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, na Idi ikawakuta humo humo. Hebu fikiria Idi huendi kumwamkia bibi, watoto wameshavaa nguo mpya na hakuna pa kwenda. Njia za panya hazikukosa wapitaji, na mimi siwanyooshei kidole. Nataka tu tumtazame mtu mmoja aliyekuwa na udhuru mzuri kuliko wetu sote.

Jina lake Amir bin Abdillah bin al-Jarrah, Mkureshi, lakini sote tunamjua kama Abu Ubayda. Ni katika watu wa mwanzo kabisa kusilimu, kwa mkono wa Abu Bakr (r.a.), na ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Siku ya Uhud, pete za kofia ya chuma zilipozama kwenye shavu la Mtume wetu (s.a.w.), Abu Ubayda ndiye aliyezing'oa kwa meno yake mwenyewe, taratibu, asimuumize, mpaka meno yake mawili ya mbele yakang'oka. Na Mtume (s.a.w.) ndiye aliyempa lile jina la mwaminifu wa umma huu.

Kuna kisa chake kimoja sisi watu wa pwani tunakipenda. Mwaka wa 8 Hijria alitumwa na watu 300 kuelekea ufukweni. Chakula kikaisha. Akakusanya tende zote zilizobaki, akawa anagawa kidogo kidogo, mpaka ikafika tende moja kwa mtu kwa siku. Wanaifyonza kama mtoto anavyonyonya, kisha wanashushia maji. Wakaanza kula majani. Halafu bahari ikawatupia samaki mkubwa kama kilima, wakala siku nyingi, na ubavu wake uliposimamishwa, ngamia na mpandaji wake wakapita chini. Sasa wewe angalia hapo kwenye tende, usiangalie samaki tu. Mkubwa wa msafara anakula tende moja kama wa mwisho wao. Hii tabia itarudi mbele.

Zama za Umar bin al-Khattab (r.a.) akawa jemadari mkuu wa Sham. Khalifa alipomtembelea nyumbani kwake hakukuta kitu cha maana ila upanga, ngao na tandiko la kipando. Gavana huyo, ndugu yangu.

Mwaka wa 18 Hijria, yaani 639 Miladia, ikazuka tauni. Inaitwa tauni ya Amwas, kwa jina la mji wa Palestina. Umar alikuwa njiani kutoka Madina kwenda Sham, amefika mahali panaitwa Sargh, Abu Ubayda na makamanda wenzake wakatoka kumpokea na habari hiyo. Umar hakuamua peke yake. Akawaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Answari, nao wakatofautiana vilevile. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka, na hao ndio waliokuwa na kauli moja: rudi na watu, usiwapeleke kwenye maradhi. Umar akatangaza kwamba asubuhi wanarudi.

Aliyepinga ni nani? Abu Ubayda. Alimuuliza Khalifa kama anakimbia kadari ya Allah. Umar akasikitika kwamba swali lile limetoka kwa mtu kama yeye, kisha akamjibu kwamba ndiyo, anakimbia kadari ya Allah kwenda kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mtu aliyeshusha ngamia zake kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja kavu. Akichungia penye majani ni kwa kadari ya Allah, na akichungia pakavu ni kwa kadari ya Allah. Ndipo akaja Abdurrahman bin Awf, aliyekuwa kwenye haja zake, akawaambia kwamba ana elimu ya jambo hili kutoka kwa Mtume (s.a.w.): mkisikia tauni iko nchi fulani msiiingie, na ikitokea nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akarudi Madina. Kisa hiki kiko kwa Bukhari na Muslim.

Abu Ubayda naye akarudi. Ila yeye kwake ni Sham, penye maradhi, penye askari wake.

Hapa wanazuoni wana ufafanuzi unaohitaji kusomwa vizuri. Kilichokatazwa ni kutoka kwa kukimbia. Mwenye haja ya kweli, safari yake haikuanzia kwenye hofu ya tauni, wengi wamesema hana kosa. Na mlango huu ndio sisi tunaoupenyea. Mimi sikimbii bwana, naenda kutembea tu. Mimi sikimbii, nina haja.

Sasa tazama barua ya Umar. Tauni ilipozidi, alimwandikia Abu Ubayda kwamba limemzukia jambo, anamhitaji, na asiitue barua mkononi kabla hajaanza safari kuja Madina. Hebu pima uzito wake. Ruhusa imetoka kwa Khalifa mwenyewe, na si ruhusa tu, ni amri. Haja imetajwa kwenye maandishi. Mtu yeyote angeifunga mizigo usiku uleule na fatwa mfukoni.

Abu Ubayda aliisoma akaelewa mara moja. Alijua haja ya Khalifa ni kumtoa yeye asife. Akajibu kwa adabu kwamba ameifahamu haja hiyo, kwamba yuko na jeshi la Waislamu na nafsi yake haimruhusu kuwaacha, akaomba asamehewe amri ile. Umar aliposoma akalia, mpaka waliokuwepo wakamuuliza kama Abu Ubayda amekufa. Akasema hapana, lakini ni kama.

Mimi huwa nasimama hapa kila nikikisoma kisa hiki. Huyu ndiye yule aliyebishana kule Sargh. Hoja yake haikupita. Kisha hadithi ileile iliyompinga ikaja kumgusa upande wake wa pili, ule wa kutotoka, na akaishika hata pale mkubwa wake alipomfungulia mlango. Kwenye karatasi udhuru ulikuwa kamili. Ni yeye tu aliyejua kwamba akipanda kipando kile, moyoni mwake atakuwa anakimbia, na nyuma yake kuna maelfu ambao hawakuandikiwa barua.

Usidhani alikuwa mtu wa kung'ang'ania kufa. Umar alimwandikia tena kwamba amewaweka watu kwenye ardhi ya chini yenye unyevunyevu, awapandishe kwenye ardhi ya juu iliyo safi. Amri hii aliitii bila neno, kwa sababu ilikuwa ya wote. Akaanza kuwahamisha kuelekea al-Jabiya. Inapokewa kwamba maradhi yalimpata anaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko. Akafa mwaka uleule wa 18, umri wake miaka 58. Wanahistoria wa Kiislamu wametaja kwamba tauni ile iliondoka na watu wapatao 25,000.

Nilimpigia simu yule kijana juzi. Sasa ana mke na watoto wawili, yuko Kinondoni. Nikamwambia kwamba mwaka ule nilipaswa kumuuliza maswali mengine: kwenye kivuko atabanana na nani, na yule mama muuza mihogo kule bichi nyumbani kwake anauguza nani. Akacheka, akasema nimechelewa. Kisha akanyamaza kidogo, akaniambia kwamba siku ile alirudi na akaenda moja kwa moja kumsalimia bibi yake.

Allah amridhie Abu Ubayda, na awarehemu wazee wetu waliotangulia mwaka ule na baada yake. Kesho in shaa Allah tutaendelea na Mu'adh bin Jabal (r.a.), aliyeachiwa uongozi wa watu wale na tauni ikamkuta naye hapo hapo Sham, kabla Amr bin al-As hajawatawanya watu milimani na maradhi yakaondoka. Darsa ya leo ni baada ya Alasiri kama kawaida. Anayeumwa mafua aisikilize akiwa nyumbani, tutaituma hapa kwa sauti.