Nahodha wa Prosesa

Mwananchi wa Masaki, Kisarawe, au wa Micheweni, Pemba, awashapo kompyuta ya ofisi, si rahisi akumbuke kwamba kati ya kidole chake na prosesa pana mkalimani. Miongoni mwa waliomjengea mkalimani huyo nyumba ni marehemu Gary Kildall, na yafaa viongozi wetu wayafahamu maisha yake.

Kildall alizaliwa Seattle, Marekani, mwaka 1942, katika ukoo wa bahari. Babu yake na baba yake waliendesha chuo cha unahodha, naye alipata kufundisha humo kabla ya kuzama katika elimu ya kompyuta. Alitunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1972, na alikuwa mwalimu katika chuo cha jeshi la wanamaji huko Monterey.

Kampuni ya Intel ilipotoa prosesa ndogo, wengi waliiona kuwa kifaa cha kuongozea mitambo tu. Kildall aliona kompyuta kamili. Mwaka 1974 aliunda CP/M, mfumo endeshi wa prosesa ya 8080. Lakini kila mashine ilikuwa na diski na kibodi za namna yake, na kila mara ikambidi aandike upya. Ndipo alipozitenga amri zote zinazogusa vifaa, akazikusanya katika fungu dogo aliloliita BIOS. Tangu hapo, mashine mpya ilipokuja, lilibadilishwa fungu hilo peke yake. Ni kama jahazi linalopata rubani mpya kila bandari, nahodha akiwa yule yule.

Mwaka 1980 IBM ilitafuta mfumo endeshi. Mazungumzo ya kwanza na Kildall hayakuzaa mapatano, na Microsoft ikanunua mfumo uliofuata mtindo wa CP/M. Utajiri ukaenda huko. Kildall alifariki mwaka 1994, akiwa na miaka 52.

Mwaka ule ule wa 1974, Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hayo yaliondolewa zamani, na leo mashine zimejaa maofisini. Hata hivyo, fungu lile la chini bado twaletewa tayari na wageni. Twawasihi wakuu wa elimu, Bara na Visiwani: vijana wasifundishwe kubonyeza tu, bali wafundishwe pia kuandika amri zinazomfikia prosesa mwenyewe. Bila hivyo, kujitegemea kwetu katika jambo hili kutakuwa kwa maneno tu.